Walimu tupeane uzoefu: uliingiaje kwenye ualimu, na sa hivi unapenda kufundisha nini zaidi ya masomo ya kwenye cheti chako?

MadamKontua

Habari zenu wadau, wakubwa wote shikamooni. Mi mgeni kazini, nipo sekondari ya kata huku Kigoma ndani ndani, nimepita kwenye usaili wa 2025, ule wa mchujo wa kuandika alafu mahojiano. Kabla ya hapo nlikua najitolea shule ya karibu na nyumbani, vipindi naingia kama mwajiriwa kabisa ila mwisho wa mwezi napewa ya nauli. Chuo nimesoma BA ya ualimu, masomo yangu Kiswahili na Jiografia.

Naleta uzi huu kwasababu chuoni unajua una masomo mawili basi, ukifika kituo cha kazi unakuta moyo unavutwa huku na huku. Napenda ramani, nataka klabu ya ngonjera na maigizo, na wale form one waliosoma msingi kwa Kiswahili wakifika huku wanakuta karibu kila kitabu Kiingereza nataka niwe nao jioni. Mwalimu mmoja wa siku nyingi hapa kanishauri nishike kimoja nitulie. Namheshimu ila mi sioni kama ni lazima, ndo maana nauliza nyie mlionitangulia.

Naanza mimi. Kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, wanafunzi wengi wanazikariri tu, so form three nliingia darasani na kiazi kitamu. Nkakipasua katikati kwa urefu nkakilaza kwenye meza upande bapa chini kikawa kilima, alafu nkakikata slesi za kulala zenye unene sawa kuanzia chini mpaka juu. Slesi ya chini unaiweka kwenye karatasi unaizungushia penseli, unatoa, unaweka inayofuata ndani ya ule mstari, unazungushia tena mpaka kilele. Upande kiazi kilipokua na mwinuko mkali mistari ikabanana, upande uliolala ikaachana. Kijana mmoja anakaaga nyuma kabisa na haongei akasema "kwaiyo madam huku pamebanana ndo mtu anachoka kupanda". Siku ile nlijua kazi hii ni yangu.

Ticha wa la kwanza

Karibu sana kazini dada. Mimi ni wa Grade A, kile cheti cha ualimu wa msingi, niliingia baada ya form four maana nyumbani hakukua na hela ya kusubiri, chuo cha ualimu ilikua miaka miwili unatoka na kazi. Nikapewa darasa la kwanza na mpaka leo nimekataa kutoka. Wanaume huku tuko wachache na watu wanaona kama umeshushwa, sikubaliani nao hata kidogo, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ndo msingi wa yote mnayofundisha huko sekondari. Hesabu natumia visoda, silabi natumia maboksi nimeyakata kadi. Juzi mama mmoja kaja kuniambia mwanae sa hivi anasoma kila kanga inayopita njiani kwa sauti, na bibi yake anamwita amsomee ya kwake.

Nje ya hapo mtaala mpya ulipoanza 2024 na darasa la tatu wakaletewa Sanaa na Michezo niliomba vipindi vyake mwenyewe. Ngoma napiga tangu mdogo, kwenye cheti haipo.

fizikia_tu

Mi niliingia sababu ualimu wa sayansi ulikua na kipaumbele cha mkopo. Fizikia na Hesabu. Nipo na sitoki.

Choya

Mimi nimepita mlango wa nyuma kidogo, nilisoma BSc ya kemia nikafanya kazi maabara ya kiwanda, alafu nikachukua PGDE, ile stashahada ya uzamili ya ualimu, Chuo Kikuu Huria huku nafanya kazi. Shule niliyoanzia bureti zilikua hazitoshi na kemikali zimeisha, mnajua wenyewe. Nilichemsha choya (rosella) kavu nikapata ile rangi nyekundu, watoto wakaweka limau ikazidi kuwa nyekundu, wakaweka maji ya majivu ikageuka kijani. Asidi na besi wameziona kwa macho yao kabla hata hawajagusa litmasi. Sa hivi nachopenda zaidi ni kuandaa vitu vya hivi na kuwafundisha walimu wenzangu kwenye vile vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), yani nafundisha walimu kuliko hata wanafunzi.

Mwalimu toka ng'ambo ya Namanga

Sasa walimu, huku kwetu Kenya tangu JSS, yaani sekondari ya chini, ianze 2023 mwalimu wa masomo mawili anajipata anashika hata matano. Mimi nilisomea Kiingereza na Fasihi nikapewa Kilimo na lishe pia. Nililalamika mwanzo, ni haki yangu kulalamika maana kazi ni nyingi kwa kweli. Lakini shamba la sukuma wiki nyuma ya darasa ndio mahali wanafunzi wangu wanaongea Kiingereza bila woga, sasa siwezi liachilia.

Nukta6

Nimesoma chuo cha ualimu Patandi, elimu maalumu, upande wa wasioona. Nilikua mwalimu wa kawaida wa msingi, nikapata mwanafunzi asiyeona darasani sina namna ya kumsaidia, nikaomba ruhusa ya masomo. Nukta nundu, yale maandishi ya wasioona ya kusoma kwa vidole, herufi zote zinatoka kwenye nukta 6 tu. Ukiandika kwa kibao na kalamu ya chuma unaanzia kulia kwenda kushoto, maana nundu zinatokeza upande wa pili, ukigeuza karatasi ndo unasoma kushoto kwenda kulia. Vidole vilinichukua muda kuzoea. Dada mwenye uzi wala usichague, cheti chako cha pili utakijua baadae kutokana na mtoto utakayekutana nae.

MadamKontua

Asanteni mno, nasoma zote. @Nukta6 naomba nikuulize, form two nina binti haoni vizuri, anazidi kufifia macho, na mwakani ndo anaingia kwenye ramani. Nifanyeje?

Nukta6

Kwanza aende hospitali macho yapimwe, usisubiri mwakani. Kuhusu ramani kiazi hicho hicho, mpe ashike kabla hujakata, alafu apange slesi mwenyewe. Ukimaliza chukua kipande cha boksi, pitisha gundi juu ya mistari uliyochora, bandika uzi mnene wa kufumia, ila acha nafasi inayopita kidole kati ya mstari na mstari, zikibanana sana hatazitofautisha. Juu ya kilele weka punje ya maharage.