Ada tunalipa sawa na walio ukumbini, sisi wa mtandaoni tunaambulia kelele za pangaboi

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na siifichi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye sekondari moja ya kata huku Liwale, Lindi. Nasoma uzamili wa wikiendi kwenye chuo kimoja cha Dar. Wakati wa kujiunga tuliambiwa darasa ni la haibridi: aliye Dar anaingia ukumbini, aliye mkoani anaingia kwa linki, kipindi kimoja, mwalimu mmoja, mtihani mmoja. Ada nayo ni moja, haijapungua hata shilingi kwa sababu mimi sikalii kiti chao. Nikaona afadhali hivyo kuliko kuomba likizo bila malipo nikaiacha familia. Sasa ni muhula wa pili, na kwenye darasa lile mwanafunzi wa mtandaoni ni sawa na mtu anayechungulia dirishani.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kipindi cha takwimu, saa tatu asubuhi. Laptop ya mhadhiri iko mezani, kamera inaangalia ukuta na sikio la mwanafunzi aliyekaa mbele. Akasalimia, nikamsikia vizuri kabisa. Kisha akachukua maka peni akaenda ubaoni. Kuanzia hapo mpaka saa tano kasoro nilichosikia ni pangaboi linalozunguka juu ya meza ile. Yeye mwenyewe alisikika kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Vipande nilivyopata ni hivi: "Hii ukiitoa hapa, ukaileta huku, mnaona imekuwa nini?" Wa ukumbini wakaitikia ndiyo. Ipi hiyo? Imetoka wapi? Kwenye skrini yangu kulikuwa na slaidi ya jina la somo, ile ile tangu saa tatu. Mtu mmoja akauliza swali, sikulisikia. Jibu lake pia sikulisikia. Darasa zima lilipocheka, hapo nilisikia.

Tukaandika kwenye meseji za kipindi: mwalimu, hatusikii. Mimi, mwenzangu wa Mpanda, mwingine wa Kibondo. Nimehesabu, ziliandikwa meseji kumi na nne. Hakuna aliyezisoma, kwa sababu hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuzisoma.

Na msiniambie ni mtandao wa kijijini. Mtandao ulikuwa mzuri, ndiyo maana pangaboi nililisikia vizuri. Hili ni somo ninalolifundisha mwenyewe: nguvu ya sauti inapungua kwa mraba wa umbali. Ukisogea kutoka mita moja hadi mita mbili inabaki robo. Mhadhiri akienda ubaoni, mita nane kutoka kwenye laptop, inabaki sehemu moja ya sitini na nne, na hapo sijaweka mwangwi wa ukumbi wenye kuta tupu. Pangaboi halijasogea popote, na programu haijui kwamba sisi tunamtaka mhadhiri, inapandisha tu kile kinachoifikia. Dawa yake ni maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Sauti peke yake inakula bando kidogo sana ukilinganisha na picha, kwa hiyo hata mwenye mtandao dhaifu angeweza kufuata kipindi kwa masikio.

Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na mtandao ukazorota nchi nzima, hakuna mtu mwenye akili aliyewalaumu walimu. Lile lilikuwa tatizo la nje ya uwezo wao. Hili la kwetu ni la kusogeza maiki.

Ngoja niwape la kwizi, maana ndilo lililonifanya nifungue uzi. Wiki tatu zilizopita karatasi ziligawiwa ukumbini, muda dakika thelathini. Mhadhiri akasema "wa mtandaoni watumiwe", akaendelea na shughuli zake. Nani atume? CR, yaani mwakilishi wa darasa, naye alikuwa anafanya kwizi hiyo hiyo. Alipomaliza ya kwake ndipo akapiga picha akaiweka kwenye grupu la WhatsApp, zimebaki dakika tisa. Picha ina kivuli cha simu, swali la tatu halisomeki. Nimepata 4 kati ya 15. Mimi naandaa watoto wa kidato cha nne kwa ajili ya NECTA, na kamwe siwezi kumpa mtoto dakika tisa halafu nikaandika kwamba ameshindwa.

Mahudhurio nayo ni hivyo hivyo. Umeme ukikatika huku, kifaa kinanitoa, nikirudi nawekwa kwenye chumba cha kusubiri mpaka mwenyeji anikubali. Mwenyeji yuko ubaoni. Nimewahi kukaa hapo dakika thelathini na tano na kishikwambi mkononi, kile tulichogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, bando linakatwa. Mwisho wa siku jina langu likaandikwa sikuwepo. Chini ya asilimia 75 hawakuruhusu kufanya mtihani.

Sina ugomvi na mhadhiri. Anafundisha, anafungua mlango wa mtandaoni, anahangaika na projekta, anaandika ubaoni, yote peke yake mbele ya watu tisini. Mwenye kosa ni aliyetangaza kozi hii akachukua ada bila kuweka hata mtu mmoja wa kukaa kwenye ile laptop, asome meseji, arudie maswali ya ukumbini kwenye maiki, atume karatasi kwa wakati mmoja na za wengine.

Kuna aliyeniambia mkoani ndivyo kulivyo, nivumilie. Hapana. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa 1992, wakati huku hakuna aliyekuwa na intaneti nyumbani, na kilianza kwa vitabu vya masomo na vituo mikoani. Mwanafunzi wa mbali alifikiriwa kwanza, vifaa vikafuata. Kwetu vifaa vimetangulia, mwanafunzi hajafikiriwa.

Barua tumepeleka idarani, sahihi 31. Jibu: linafanyiwa kazi.

NYONGEZA, saa mbili usiku: CR kapita stoo ya ukumbi leo, kanitumia picha. Maiki za kubana kola zipo, boksi mbili, nailoni haijatolewa. Kauliza kwa nini hazitumiki. Kaambiwa ufunguo anao mtunza stoo, na mtunza stoo Jumamosi hafanyi kazi. Kozi yetu yote ni Jumamosi na Jumapili.