Mrejesho: Riwaya yenye Kilatini kingi nimeimaliza

Ndugu zangu, nilipoomba msaada wa kuisoma The Name of the Rose, riwaya ya Mwitalia Umberto Eco kuhusu mauaji katika monasteri, ambayo Kilatini chake kilikuwa kikinikwamisha karibu kila ukurasa, mlinijibu kwa moyo, nami narudi kushukuru na kueleza kilichofuata.

Ushauri ulionifaa zaidi ni ule wa kuyapita maneno ya Kilatini bila kusimama, nikiyawekea alama ya penseli pembeni, kisha kuyapeleka kwa anayeijua lugha hiyo. Hapa Moshi nilimpata padri mstaafu aliyesoma seminari enzi za Misa ya Kilatini; tuliketi barazani kwake, akawa ananifafanulia alama moja baada ya nyingine, na nyingi zilikuwa vipande vya Biblia na sala ninazozijua kwa Kiswahili tangu utotoni. Ndiye aliyenionyesha pia kwamba sura zimegawanywa kwa saa za sala za watawa, hivyo nikajua lini ni alfajiri na lini ni usiku.

Aliyeniambia niziruke kurasa mia za mwanzo sikumfuata, wala sijuti, kwani ugumu wa kurasa hizo Eco aliuacha makusudi.

Kusoma kwanza historia ya mwaka 1327, ambao ndio wakati wa hadithi hii, hasa ugomvi wa Papa Yohane XXII na Ludwig wa Bavaria, mfalme wa Ujerumani, kulisaidia nusu tu: mabishano ya Wafransisko, watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, kuhusu umaskini wa Kristo (kama alimiliki mali au la) bado yananichanganya. Kamusi ya simu nayo niliiacha mapema, maana miisho ya maneno ya Kilatini hubadilika mno.