Mguu wa kitanda cha bibi umeoza, naweza kukerezewa kipande kikafanana?

BintiAmu: Habari zenu wakuu. Nina kitanda cha marehemu bibi yangu kutoka Lamu, kile cha matendegu (miguu) ya kukerezwa, yaani kuchongwa mti ukizungushwa, yenye pete nyekundu na nyeusi. Tendegu moja limeoza chini kwa maji ya kupigia deki miaka yote, ukibonyeza kidole kinaingia. Fundi mmoja hapa Mombasa anasema dawa ni kuyakata yote manne yalingane, nimemkatalia, nimelala kitanda hicho tangu mdogo. Kuna njia nyingine?

Kerezo_Kazini: Usikubali kabisa dada! Hayo matatu mazima ndio ramani yako, ukiyakata umepoteza kila kitu. Kata palipooza tu, ila kata kwenye mfereji wa pete, sio katikati ya sehemu laini, hapo kiungo hakionekani. Kipande kipya kikerezwe na ulimi wa duara wenye urefu wa kama inchi mbili uingie kwenye tundu la tendegu la zamani, na nyuzi za mti zisimame wima kama za mwenzake. Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu, mti wa zamani haubaki duara, ukikauka unasinyaa upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo ukipima kwa bikari mara moja ukaridhika utashangaa kipande kinatokeza. Pima, zungusha robo, pima tena.

mzee wa randa: Naongezea kwa mwenzangu, mbao iwe kavu kweli kweli, ikiwa mbichi ulimi utasinyaa na kitanda kitaanza kulia usiku. Kujua ni mti gani kwangua kidogo kwa chini, msaji na mvule ukivipaka vanishi vinaweza kukudanganya. Na hizo pete usipake rangi ya brashi, ni kijiti cha lakiri (utomvu mgumu uliotiwa rangi) kinakandamizwa mti ukiwa unazunguka kwenye kerezo, joto la msuguano ndilo linaloyeyusha.

BintiAmu: Asanteni sana jamani, mmenipa moyo. Nimekilaza ubavu sasa hivi nikachokoa kwa bisibisi, uozo umeishia chini ya pete ya pili, juu yake mti mgumu kama chuma. Kwa hiyo nikate hapo kwenye pete ya pili?

Kerezo_Kazini: Hapo hapo. Na hicho kipande kilichooza usikitupe, mpelekee mkerezaji pamoja na tendegu moja zima.