Kaya zilizohifadhiwa na ndugu baada ya mafuriko: tufanye nini ili mashirika wadau yazihesabu?

Katibu wa Kigango (Kyela)
Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Mimi ni katibu wa kamati ya huduma katika kigango chetu hapa Kyela, bonde ambalo kila masika hupokea maji ya mito inayoshuka kutoka milima ya Rungwe kuelekea Ziwa Nyasa. Safari hii maji yaliingia hadi ndani ya nyumba za matofali mabichi, kuta zikalainika na kuanguka. Kaya chache zimewekwa katika madarasa ya shule ya msingi, lakini zilizo nyingi zimepokelewa na ndugu na majirani waliojenga kwenye mwinuko.

Shirika moja lilifika, likaandikisha waliokuwa shuleni, likawagawia mablanketi, ndoo na sabuni, kisha likaondoka. Mama mmoja mwenye watoto wanne, anayelala sebuleni kwa shemeji yake, aliambiwa kwamba yeye tayari ana mahali pa kukaa. Sasa watu wanahamia shuleni ili nao waonekane. Naomba kujua tuwafikie wadau kwa njia ipi, na michango tuliyokusanya kanisani tuitumie vipi.

Mstaafu wa Ustawi (Mbeya Mjini)
Katibu, pole sana. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kuandikia shirika lolote. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 zipo kamati za maafa kuanzia kijiji na kata hadi wilaya na mkoa, na ile ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya. Mashirika makini, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania likiwemo, hufanya kazi kwa kushirikiana na kamati hizo, kwa hiyo kaya isiyokuwa kwenye orodha ya kijiji si rahisi kufikiwa na mgeni anayekuja kwa siku mbili.

Orodha yenu iandikwe kwa kaya: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, walipotoka, wanapolala sasa na jina la aliyewapokea, pamoja na wajawazito, wazee na wenye ulemavu. Kila ukurasa uwe na sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji. Isomwe mbele ya mkutano wa hadhara, maana majirani ndio wanaojua nani kweli amehama na nani ameongeza majina ya wajukuu walioko Tunduma. Hali za kiafya zisisomwe hadharani. Hizo zibaki kwa mtendaji.

Mjitolea (Iringa)
Naongezea kuhusu hao wanaohamia shuleni, kwa sababu hilo ni la hatari. Viwango vya kibinadamu vya Sphere, ambavyo mashirika mengi huvifuata, vinataka mita za mraba 3.5 kwa kila mtu mahali pa kulala na lita 15 za maji kwa siku. Darasa la mita 7 kwa 9 linatosha watu 18 tu, na kaya ya watu sita inahitaji lita 90, yaani ndoo kubwa nne na nusu kila siku. Watu wakirundikana pale huku vyoo vimejaa maji, kipindupindu hakiko mbali. Barua yenu kwa wadau ieleze hesabu hizi badala ya kusema tu kwamba hali ni mbaya.

Kuhusu michango, msikusanye nguo. Zitawachosha kuzichambua, na nusu yake hazitavaliwa. Afadhali mwombe wadau watoe fedha kwa simu, kwa kuwa masoko ya Kyela na Ipinda yana bidhaa.

Mama Migomba (Rungwe)
Mjitolea, kwa fedha za simu naomba tutofautiane kidogo, mwanangu. Aliyekimbia maji usiku ameacha simu na kitambulisho cha taifa ndani ya nyumba, na ili kurudisha laini ni lazima aweke alama za vidole. Wazee wetu ambao vidole vimesuguliwa na jembe, mashine haiwasomi. Pengine laini imesajiliwa kwa jina la mume, naye ndiye atakayeamua. Yawepo malipo ya mkononi mbele ya mashahidi kwa kaya za namna hiyo.

Kingine, nimewahi kupokea wageni wa mafuriko. Unga wa mwenyeji ndio unaoisha kwanza, na hakuna anayeuliza. Michango ya kigango ielekezwe huko: unga, maharage, chumvi na dawa ya kutibu maji kwa nyumba zilizopokea watu.

Katibu wa Kigango
Nashukuru, mama, na ninyi nyote. Nitaonana na mtendaji kesho. Je, barua iombe pia vifaa vya ujenzi?

Mstaafu wa Ustawi
Iombe, lakini kwa tahadhari. Wale ambao nyumba zao zilifukiwa na udongo wa Mlima Kawetele kule Itezi, jijini Mbeya, mnamo Aprili 2024 walikabiliwa na swali la usalama wa ardhi yenyewe, na ninyi mnalo lenu: je, kiwanja kitajaa tena masika ijayo? Kamati ya wilaya ijibu hilo kwanza, ndipo mabati yaombwe. Mbegu za mpunga na majembe mnaweza kuviombea sasa, kwa kuwa shamba halisubiri nyumba.