Ushauri: Mzee wangu anafikisha miaka 70 tukiwa safarini na motohomu Uskoti. Tununue hii gari au tuiache?

BiMstaafu_Leicester
Habari zenu wote. Mimi na mzee wangu (mume wangu) tumestaafu, tuko Leicester. Kiangazi hiki tunataka kuzunguka kaskazini mwa Uskoti kwa ile njia ya NC500, mzunguko unaoanzia Inverness, tuondoke tarehe 20 Juni, wiki tano bila haraka. Tumepata motohomu (gari-nyumba) ya mtumba tuliyoipenda: Fiat Ducato, urefu mita 7.2, kitanda cha nyuma kisichokunjwa, plati (kibao cha uzito wa juu unaoruhusiwa) inasema kilo 3,850. Mzee alipata leseni ya hapa mwaka 1989 na anatimiza miaka 70 tarehe 9 Julai. Yangu ni ya 2003. Yeye yuko kwenye vidonge vya presha pamoja na vile vya kutoa maji mwilini, mimi goti langu ni bovu. Tununue hiyo? Tuanze mashariki au magharibi? Na ile barabara ya mlimani ya Bealach na Bà tupande au tuiache? Nisaidieni kabla hatujalipa.

PlatiKwanza
Shikamoo mama. Msilipe kwanza. Leseni ya gari iliyotoka kabla ya tarehe 1 Januari 1997 ina daraja la C1 (magari yanayozidi kilo 3,500) ndani yake, ndiyo maana mzee leo anaruhusiwa kuendesha hiyo ya 3,850. Lakini siku anayofikisha 70 leseni nzima inaisha. Akiihuisha kwa fomu ya kawaida anarudishiwa B peke yake, mwisho kilo 3,500. Ya kwako ya 2003 ni B tangu mwanzo. Maana yake tarehe 9 Julai mnaweza kuwa mmeegesha Durness, kijiji cha kaskazini kabisa, na hakuna hata mmoja wenu anayeruhusiwa kuirudisha gari nyumbani. Na bima ikigundua dereva hana daraja, msitegemee huruma.

Akitaka kubaki na C1 inabidi ajaze fomu ya maombi ya D2 na daktari ajaze ile ya afya, D4. Ada ya daktari ni ya mfukoni mwenu. Macho yanapimwa kwa kiwango cha madereva wa malori: jicho zuri 6/7.5 na jicho lingine angalau 6/60, miwani inaruhusiwa. Presha iliyotulia haimwangushi mtu, ila asifiche dawa hata moja. Maombi yanapokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kutimiza 70, kwa hiyo dirisha lake linafunguka tarehe 10 Aprili hivi. Atume wiki hiyo hiyo. Baada ya hapo ni kila miaka mitatu.

FundiMizani
Muuzaji atawaambia: "Tutaishusha plati iwe 3,500, ni makaratasi tu." Ni kweli ni makaratasi, lakini gari halipungui hata gramu. Tuchukue mfano gari ambalo uzito wake tayari kwa safari ni kilo 3,180. Hapo ndani wamehesabu dereva wa kilo 75, mafuta na mara nyingi maji lita 20 tu. Kwa plati ya 3,850 mna kilo 670 za mizigo. Kwa 3,500 zinabaki 320.

Sasa pakieni: wewe mama 70, turubai la ubavuni 30, baiskeli mbili za umeme 50, betri ya pili 25, sola 15, tangi la maji kujaa lita 100 (nyongeza 80), chakula 40, nguo na matandiko 50, meza na viti 20, vyombo 15, nyaya na mipira ya maji 20. Jumla 415. Mmepita kwa kilo 95 na bado hamjaweka sufuria ya pilau ya mama mkwe.

Toa baiskeli, tembea na maji lita 40 badala ya 100, inashuka hadi 305. Inaingia, kwa nafasi ya kilo 15. Kabla ya safari pitisheni gari mizani likiwa limepakiwa kila kitu na nyote wawili mmekaa ndani. Pimeni gari zima, kisha ekseli ya nyuma peke yake. Motohomu zenye kitanda cha nyuma na "gereji" chini yake huzidisha ekseli ya nyuma hata pale jumla iko sawa, kwa sababu mzigo unaning'inia nyuma ya tairi na kuinyanyua pua. Ducato huvuta kwa tairi za mbele, kwa hiyo pua ikiwa nyepesi linateleza kwenye nyasi mbichi.

Halafu mtazame tairi zenyewe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Motohomu hukaa sana, hivyo tairi huzeeka kabla ya kuisha meno. Zikivuka miaka saba, bei ya seti mpya itoke kwa muuzaji. Mle ndani pimeni unyevu kwenye pembe za dirisha la juu na chini ya kitanda. Chini ya asilimia 15 ni safi, ikipita 25 ondokeni.

Mwana_wa_Pwani
Mbona hamjamuuliza kama anahitaji kununua? Kodi. Tatizo ni umri: kampuni nyingi za kukodisha zina kikomo cha juu, nyingine 70, nyingine 75, na wanaangalia umri wa siku ya mwisho ya kukodi, si ya kwanza. Uliza hilo kabla ya bei. Uliza na kiasi ambacho unabeba mwenyewe gari likigongwa, na kama bima inagusa paa na sehemu ya chini, maana nyingi hazigusi na ndiko wageni wanakogonga.

PlatiKwanza
Kukodi wiki tano za Juni na Julai kunaweza kula robo ya bei ya mtumba mzuri, kaka. Kwa wiki mbili ningekubaliana nawe.

BiMstaafu_Leicester
Marahaba, ahsanteni. Mzee amesoma, amenyamaza, kisha akasema hataki foleni za daktari. Kuna nyingine ya mita 6, aina ya vani, plati 3,500 tangu kiwandani. Tukichukua hiyo, njia je?

Kaskazini_Taratibu
Hiyo ndiyo gari ya huko, mama. Na kama uzito wake mtupu, bila maji, mafuta wala mizigo, hauzidi kilo 3,050, mnaruhusiwa maili 60 kwa saa kwenye barabara ya kawaida. Ukizidi hapo ni 50. Barabara ya A9 kutoka Dunblane hadi Inverness ina kamera za kupima wastani wa mwendo, kwa hiyo kufunga breki mbele ya kamera hakusaidii kitu.

Leicester hadi Inverness ni kama maili 470, gawanyeni mara mbili. Mzunguko wenyewe ni maili 516. Kwenda, kurudi na michepuko, hesabuni 1,500. Kwa maili 28 kwa galoni ni galoni 54, yaani lita 245 hivi za dizeli. Ukifika nusu tangi kaskazini ya Ullapool, jaza. Usingoje robo.

Anzeni mashariki. Kutoka Inverness barabara ni pana: Kasri la Dunrobin karibu na Golspie, kisha John o' Groats na miamba ya Duncansby Head, halafu Dunnet Head, ambayo ndiyo ncha ya kaskazini kabisa ya bara. Dereva anazoea upana wa gari kabla ya kukutana na barabara nyembamba za gari moja. Baada ya Tongue na Durness (pango la Smoo liko pale pale kijijini) mwendo wenu utakuwa maili 20 hadi 25 kwa saa, si zaidi. Maili 60 kwa siku zinatosha, na mlale usiku mbili kila kituo.

Kwenye barabara hizo, sehemu ya kupishana ikiwa kushoto kwenu, ingieni. Ikiwa kulia, simameni mkabala nayo mumwache mwenzenu aingie. Msivuke kwenda kulia. Anayepanda mlima mpisheni. Na mkiona gari nyuma yenu, ingieni kando mliache lipite, hizo sehemu ni za hilo pia. Kulala humo ni mwiko. Msikanyage ukingo wa nyasi: chini ni matope ya mboji, na gari la tani tatu na nusu linazama.

Bealach na Bà: mita 626 juu, mteremko wa asilimia 20, kona za kujikunja. Kibao cha chini kinashauri wasipite wanaojifunza udereva, magari makubwa sana na karavani za kuvutwa. La mita 6 linapita, ila mbele yako akitokea wa mita 7.5 mtarudi kinyumenyume kwenye kona, na klachi italia. Ingieni Applecross kwa barabara ya pwani kutoka Shieldaig na mtoke humo humo. Barabara ya B869 ya Drumbeg iacheni pia. Piteni A837 na A894 kando ya Loch Assynt, gofu la Kasri la Ardvreck liko hapo hapo ziwani.

Mwana_wa_Pwani
Hapo kwenye mashariki kwanza napingana. Shule za Uskoti zinafunga mwishoni mwa Juni. Ukianza magharibi tarehe 22 unakuta Torridon na Ullapool zina nafasi, na visubi (vijidudu vidogo vinavyouma) havijawa vingi. Ukifika huko katikati ya Julai, kambi zimejaa na visubi vinakula watu.

Kaskazini_Taratibu
Hoja ya kambi nakubali. Basi wakienda mashariki waweke nafasi za magharibi sasa hivi. Haki ya kupiga kambi popote chini ya sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 ni ya mtu kwa miguu na hema, gari halimo.

MamaKaseti
Nyie wanaume mnazungumza milima, nani atamwaga choo? Kaseti, yaani tangi la choo linalotolewa, ni lita 17 hadi 18, watu wawili inaenda siku mbili au tatu. Mzee yuko kwenye vidonge vya maji, kwa hiyo hesabu siku moja na nusu. Nunueni kaseti ya pili yenye magurudumu. Ikijaa ina kilo 18 na zaidi, goti lako lisiibebe. Usingoje taa nyekundu. Wakati wa kumwaga bonyeza kitufe cha hewa, la sivyo itagugumia na kukurushia. Dawa ya choo iwe ya kijani, kambi nyingi za kule zina shimo la maji taka na dawa ya bluu inaua bakteria wake. Mpira wa mlango wa kaseti paka silikoni. Vaselini hapana, inaulainisha mpira mpaka unavuja.

Umeme: kambi ikikupa ampia 10 una wati 2,300. Birika la nyumbani la wati 3,000 linakata peke yake. Chukua la wati 1,000. Hita ikiwa kwenye umeme wa wati 1,800 umebakiwa na 500, basi birika lingoje.

Gesi: chukua propani, mtungi mwekundu, kilo 6. Butani inagoma kutoka baridi ikikaribia sifuri. Friji peke yake hula gramu 300 hadi 400 kwa siku, na gari likilala upande haipoi vizuri, kwa hiyo sawazisha kwa vibao chini ya tairi kabla ya kuiwasha. Iwashe kwa umeme wa nyumbani kwa muda wa saa 12 kabla ya kupakia nyama. Nyama ya halali maliza kununua Inverness, msikiti upo, mkishavuka hapo msitegemee.

BiMstaafu_Leicester
Visubi vinapita wavu wa mbu?

MamaKaseti
Vinapita. Ni vidogo, unahitaji wavu wa matundu madogo zaidi na kofia ya wavu kichwani. Vinatoka alfajiri na jioni, siku tulivu yenye unyevu. Upepo wa maili 7 kwa saa tu unavishinda, kwa hiyo egesheni pwani palipo wazi, si bondeni kando ya maji. Taa za ndani zimeni kabla ya kufungua mlango. Na mapazia yawe mazito: Juni jua linazama saa 4 na dakika 20 usiku, linachomoza saa 10 na robo alfajiri. Mzee asipolala, kesho yake haendeshi.