Waliowahi kuingia mapango ya Unguja, tupeane uzoefu: tunakuja kina mama kumi na mmoja

MamaRukia_Temeke

Wapendwa, hamjambo. Kikoba chetu tumekivunja mwezi uliopita, na safari hii tumekubaliana tusiishie kugawana hela na kupeana mikono. Tunakwenda Unguja siku tatu mwezi wa nane. Tuko kina mama kumi na mmoja, mdogo wetu ana miaka 29, mkubwa ana 63 na magoti yake yana maneno. Tunataka kuona mapango. Dalali aliyetupa bei anasema tutamaliza mapango matatu kwa siku moja: Mangapwani asubuhi, mchana Jambiani, jioni la tatu, tunaogelea na kasa. Bei siitaki hapa, ninayo. Nawataka mliowahi kuingia mseme mlichojifunza, hasa mlipokosea.

Naanza mwenyewe. Mwaka 2019 nilikwenda harusini kusini huko, kesho yake dereva akatupeleka kwenye pango lenye maji. Joto kali, na nilikuwa nimejipaka losheni ya jua mwili mzima. Nikakaa kwenye jiwe, nikatumbukiza miguu. Maji yalikuwa maangavu mpaka unaona kokoto chini. Mara nikaona utando unasambaa kutoka miguuni kwangu, unang'aa rangi rangi, kama oili ya gari kwenye dimbwi la mvua. Nyuma yangu mtu akakohoa. Bibi mmoja kasimama ngazini, ndoo kichwani, kata ya kifuu mkononi. Hakunitukana. Alinisubiri nitoe miguu, akazunguka akachota upande wa pili, akapanda zake.

Dereva hakuwa ametuambia neno. Na mimi sikuuliza.

Mkae_Maweni

Dada MamaRukia, karibu sana kwetu. Bora umelisema mwenyewe, maana wengi wakiona ndoo wanadhani ni pambo la kupigia picha.

Mimi mkaazi wa kusini, kwetu ni maweni. Ukitoka mjini ukaja upande wa mashariki na kusini huoni mto hata mmoja, na si kwa sababu mvua hainyeshi. Inanyesha, tena masika inanyesha vya kutosha, lakini jiwe letu ni la matumbawe ya zamani, limejaa vitundu kama mkate wa mofa. Maji hayasimami juu, yanazama papo hapo. Chini yanakaa maji matamu juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi, na pango ndio pahala unapoweza kuyafikia kwa miguu yako. Kabla ya mifereji, yaani mabomba, mama zetu wakishuka alfajiri na ndoo. Hata leo umeme ukikatika pampu zikasimama, watu wanarudi huko huko.

Sasa fahamu: hapana mchanga wala udongo wa kuchuja chochote. Ulichokitia pangoni leo, ndicho kitakachochotwa kisimani. Losheni, sabuni, mkojo wa mtoto, vyote.

Mimi nakushauri jambo moja tu. Kila shehia, yaani kama mtaa au kijiji huko kwenu, ina sheha, kiongozi wake. Kabla ya kumlipa dalali, tafuta namba ya sheha au mtu anayemjua, umuulize mambo matatu: pango ni la nani, linatumika kwa nini hivi sasa, na nani ataingia na nyinyi. Ukimuuliza dereva, atakujibu kidereva.

Dogo_Msasani

Wakuu, mbona mnatisha watu? Mapango mengi yana tiketi kabisa, unalipa, unaingia, unaogelea. Mimi nimeogelea Jambiani na nilipewa na taulo. Halafu zile habari tunazosikia kwamba mapango mengine yana mizimu, watu wanafunga vitambaa vyekundu na kuchoma ubani, hizo ni ushirikina tu. Mtu amelipa hela yake aanze kuvua viatu?

Mkae_Maweni

Mdogo wangu, ulipoogelea ni pahala wenyewe wameamua watu waogelee, na hapana ubaya, naamini walikwambia uoge kwanza. Pango jengine hawakuamua hivyo. Kuhusu mzimu, hapana aliyekwambia uamini. Mimi mwenyewe nafunga na naswali, na ubani sichomi. Lakini nikifika mlangoni nasema hodi, na nikiambiwa nivue viatu navua. Kwa watu unavua viatu sebuleni, si kwa sababu unaliabudu zulia.

Mwalimu_Jiografia

Naomba niingie hapo kwenye heshima ya pango. Mimi niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Kabla ya kwenda niliwasimulia kwamba pale wataalamu wamechimba. Profesa Felix Chami alichimba mwaka 2005, na timu nyingine ikaja 2012. Walikuta zana za mawe na mifupa ya wanyama waliowindwa kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, wakiwamo pundamilia.

Binti mmoja akanyosha kidole: "Mwalimu, pundamilia walivukaje?" Darasa likacheka. Swali lilikuwa zuri kuliko somo langu. Hawakuvuka chochote. Wakati ule bahari ilikuwa imeshuka zaidi ya mita 100 chini ya ilivyo sasa, mkondo wa Unguja ulikuwa nchi kavu, na Unguja ilikuwa kilima cha bara. Maji yalipopanda ndipo kikawa kisiwa.

Sasa aibu yangu. Tumerudi kwenye basi, naona kijana mmoja anachezea ganda la konokono, limekauka, jeupe kama chaki. "Umelitoa wapi?" "Chini pale, mwalimu." Nikamrudisha, akaliweka. Lakini aliliweka wapi? Hakukumbuka. Mchimbaji anasoma kitu kwa tabaka lilipolala: kipo juu ya nini, chini ya nini. Ukikinyanyua na kukirudisha hatua mbili pembeni, kimebaki ganda tu. Niliwaambia wasiandike majina ukutani, wasivunje mawe yanayoning'inia, wasitupe chupa. Kuokota nilisahau kukataza, kwa sababu kwangu kuokota hakukuwa kuharibu.

Na hayo mawe yanayoning'inia, Mama, waambie wenzako wasiyashike kabisa. Hutengenezwa na tone la maji linaloacha chokaa kidogo kila linapodondoka. Mara nyingi urefu wake hauongezeki hata milimita moja kwa mwaka, pengine sehemu ya kumi ya milimita. Lenye urefu wa kidole chako lina karne kadhaa. Mafuta ya kiganja yakigusa pale, chokaa haishiki tena vizuri.

NesiWaZamu

Mimi nina kisa kimoja, sipendi kukisimulia. Tulikuwa watu kumi na wanne, kundi la kazini, tochi kubwa za kuwindia, na mtu ana spika ya bluetooth. Tumeingia chumba cha ndani, kumbe dari yote ni popo. Mmoja wetu akapiga yowe la utani. Wale popo wakaporomoka kwa pamoja, upepo wa mbawa zao unapiga usoni, kila mtu kajiinamia.

Walipotulia nikamulika chini. Kulikuwa na kitoto cha popo kwenye samadi, hakina manyoya, ngozi ya rangi ya waridi, urefu wa kidole gumba changu. Kilikuwa kinafungua mdomo bila sauti, au sauti ambayo mimi siisikii. Popo mara nyingi huzaa kitoto kimoja kwa uzazi mmoja. Tulikiacha pale pale, na mpaka leo sijui tungefanya nini kingine.

Sasa upande wa kazi yangu. Popo wa matunda wa mapangoni ndio wanaobeba kirusi cha Marburg, ugonjwa hatari wa homa na kutokwa damu. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango la Python huko Uganda, na sisi wenyewe tumepata milipuko Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Sisemi mapango ya Unguja yana Marburg, msininukuu vibaya. Nasema chumba chenye popo si cha kuingia, basi. Zaidi ya hapo, samadi kavu ya popo huwa na kuvu ambazo vumbi lake likivutwa linashambulia mapafu. Kama kuna mwenye pumu katika hao kumi na mmoja, abaki pale mwanga wa mlangoni unapoishia. Na popo akikuchubua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kurudi Dar.

Kandambili2

Mimi niliingia na kandambili na tochi ya simu. Sina la kuongeza.

Nina la kuongeza. Lile jiwe lina meno. Niliteleza, kandambili ikabaki juu, mimi nikashuka kwa makalio ngazi nne, simu ikazama. Giza la pango si kama giza la umeme kukatika. Mkono wako huuoni hata ukiwa umeigusa pua. Nilikaa pale nikiita kama dakika ishirini, nikatolewa na mtoto wa miaka kama kumi mwenye tochi ya kichwani, tochi ya maana kuliko simu yangu ya laki sita. Raba yenye kashata nzuri, tochi ya kichwani kila mtu na moja ya akiba, na mtu mmoja abaki nje anayejua mmeingia saa ngapi na mtatoka saa ngapi. Mvua ikianza, tokeni. Siku ile ilikuwa imenyesha usiku, ndiyo maana zile ngazi zilikuwa sabuni.

Mwanakwale

Salamu kutoka Shimoni, upande wa Kenya. Jina la kijiji chetu lenyewe ni pango. Huku kiingilio kinasimamiwa na wanakijiji, na anayekuongoza ni mtu wa pale pale, babu yake alizikwa pale. Ukitoka unajua pesa yako imeshukia wapi. Mkipata nafasi siku nyingine vukeni hadi kisiwa cha Wasini. Kina mama wa kule wamejenga daraja la mbao juu ya matumbawe makongwe, mnapita juu bila kukanyaga jiwe wala mikoko, na kiingilio ni chao. Nadhani kikoba chenu na wao mngeongea mpaka maji yajae.

Kuhusu dalali wako na mapango matatu: muulize katika hiyo bei yake, kijiji kinapata ngapi. Akianza kucheka, umeshajibiwa.

Mtembezi_Mjini

Mimi natembeza wageni miaka saba sasa. Mangapwani jihadharini na hadithi. Kuna vitu viwili na madereva wanavikoroga. Kuna pango la asili lenye bwawa la maji matamu ndani. Simulizi ni kwamba kijana mtumwa alikuwa anamtafuta mbuzi aliyepotea, akamsikia analia chini ya ardhi. Halafu, kiasi cha kilomita mbili kutoka hapo, kuna chumba cha watumwa kilichochongwa kwenye jiwe. Kile hakikuumbwa na maji, kilichongwa na watu ili kuwaficha watu, baada ya biashara ya watumwa kupigwa marufuku mwaka 1873. Nimewahi kuona kundi linapiga picha za kurukaruka mle ndani. Kina mama, nyie mkiingia mle mtajua wenyewe sauti ya kutumia.

Na kasa. Nitasema kwa kifupi kwa sababu ni mkate wa watu. Nimepeleka wageni mahali fulani, nikaona mtu kamkumbatia kasa kama mtoto mchanga ili apigwe picha, kasa anapiga makasia hewani. Tangu hapo siwapeleki kokote ambako wageni wanaruhusiwa kumshika kasa au kuingia naye majini wakiwa wamejipaka mafuta. Ukitaka kujua pa kwenda, uliza maswali haya: kasa wametoka wapi, wanarudishwa baharini lini, na naruhusiwa kumgusa? La tatu wakijibu ndiyo, geuza gari.

MamaRukia_Temeke

Jamani, ahsanteni. Nimesoma yote nikiwasomea wenzangu kwenye simu, Mama Zuhura kaishia kusema "kumbe tulikuwa tunakwenda kuoga kwenye kisima cha watu."

Tulichofanya hadi sasa. Dalali nimemwambia pango moja, si matatu. Amenuna, lakini kapunguza gari likawa la siku nusu. Kasa tumeacha. Kupitia shemeji ya mmoja wetu nimeongea na sheha, mzee mstaarabu, kaniuliza swali ambalo dalali hakuniuliza wiki mbili zote: "Katika nyinyi kuna asiyeweza ngazi?" Nikamwambia magoti ya Bi Mwanaidi. Akasema basi Bi Mwanaidi atakaa juu na kina mama wa pale wanaosuka ukili wa mikeka, na sisi tuingie sita, wakitoka waingie wanne. Anatupa kijana wa kutuongoza, hela tunampa mkononi na nyingine inaingia kwenye kamati ya kijiji, anaandika risiti. Kasema tusije Ijumaa.

Bi Mwanaidi sasa hataki hata kusikia habari za pango. Anataka huo ukili tu.

Losheni nimekataza, tunakwenda na kanga na kofia. Kuoga tumefuta. Kinachobaki ni swali moja kwa Mkae: tubebe ubani au tusibebe? Wengine wanasema ni heshima.

Mkae_Maweni

Msibebe. Ubani una mwenyewe, na akitaka kufukiza atafukiza siku yake. Nyinyi bebeni maji yenu ya kunywa, na chupa tupu zirudi nanyi mpaka botini. Na yule bibi wa 2019, kama ni pango ninalolidhania, bado yupo. Ndoo siku hizi anabebewa na mjukuu.