Pete iliyochorwa kwa kompyuta: ni kazi ya mkono au siyo?

Wadau, mafundi tunaoandaa meza ya pamoja ya mapambo hapa Tabora tumegawanyika. Binti mmoja sonara ameleta pete na hereni za fedha alizozichora kwa kompyuta, na baadhi yetu wanataka aondolewe kwa madai kwamba hizo si kazi za mikono. Mimi nasema abaki.

Nilikwenda karakana kwake nikamtazama. Anachora umbo kwenye programu, printa inalijenga kwa resini, aina ya plastiki, tabaka juu ya tabaka. Umbo hilo linazikwa kwenye plasta na kuingizwa tanurini. Resini inaungua yote, inabaki nafasi tupu. Fedha, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 961 hivi, inamiminwa humo. Plasta ikivunjwa, pete inatoka nyeusi, ina makovu na kikonyo, yaani fedha iliyoganda kwenye njia ya kumiminia. Hapo kompyuta haisaidii tena. Ni msumeno, tupa, msasa na koleo. Hereni moja aliisugua asubuhi nzima, kila mara akiinyanyua dirishani aone mwanga unavyopita ukingoni, kisha anairudia kwa tupa. Anayesema mkono haukufanya kazi hapo aje ajaribu.

Na mnaotetea asili, asili ipi? Kibangwa, kile kisahani cha kombe walichovaa watemi wa Unyamwezi, malighafi yake ilitoka Bahari ya Hindi ikabebwa na wapagazi. Shaba ilitoka Katanga, ambako Msiri, mtu wa asili ya huku kwetu, alitawala hadi alipouawa mwaka 1891. Wazee wetu walichukua kilichopita njia ya msafara wakakifanya chao.

Ninachoogopa mimi ni kingine. Umbo la nta lililochongwa kwa mkono hutoa pete moja, basi: nta imeyeyuka, plasta imevunjwa. Faili linatoa pete mia zinazofanana. Mteja akiuziwa ya mia kwa bei na maneno ya ile ya pekee, ameibiwa. Napendekeza kila kipande kiandikwe kimetengenezwaje na kina nakala ngapi. Karibuni.

Fundi wa Ujiji: Kaka, nakuheshimu, ila umeruka jambo. Huyo binti anajua kusugua kwa sababu alianza na nyundo. Vijana ninaowafundisha lehemu, tangu waone hiyo mitambo, hakuna anayetaka kushika tupa. Na mteja hasomi kikaratasi, anatazama bei. Pete yangu ya siku tatu ikikaa pembeni ya nakala, mimi nitakula nini? Wekeni meza mbili.

Mjukuu wa Unyanyembe: Shikamooni. Linaloniumiza mimi ni hicho kibangwa. Siku hizi unakipiga kitu picha kwa simu pande zote, programu inaunda umbo lake. Mtu akifanya hivyo kwa kibangwa kinachotunzwa na ukoo, akakichapa na kukiuza kama kidani, ruhusa kapewa na nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imegusa sanaa za jadi, lakini huku mezani nani atauliza? Kile kilikuwa alama ya utemi, hakikuvaliwa na kila mtu.

Mleta mada: Marahaba, dada. Hapo sina ubishi: bila idhini ya wazee wa ukoo, tena ya maandishi, kipande hicho kisipande mezani, kiwe kimechapwa au kimechongwa.

Fundi, suala la meza mbili silikubali. Tukimweka pembeni, wateja watamwona tapeli, na vijana wako watajifunza kwamba ukitumia kompyuta uifiche. Hapo ndipo uongo utazidi. Bei yako nitaitetea: kipande cha pekee kiandikwe hivyo kwa herufi kubwa, na muuzaji alazimike kumwambia mteja kwa mdomo. Njoo Tabora na hao vijana wawaone wote wawili kazini, wewe na yeye.

Fundi wa Ujiji: Kwa treni nitakuja, na vijana nitawaleta. Ila kwenye meza mbili sijarudi nyuma.